Kikwembe Kisichovaliwa

Kila asubuhi, kabla ya kubeba samaki wake kwenda sokoni, Mama Camille hufua kikwembe kimoja cheusi cha kujifunga kiunoni. Hukitia katika beseni, hukisugua kwa sabuni ya kipande, hukisuuza kwa maji kidogo kwa sababu bomba la mtaa wetu wa Nyakasanza, hapa Bunia, halina uhakika, kisha hukitandaza nyuma ya nyumba upande wa kivuli, jua lisikipate. Jioni akirudi hukianua, hukikunja na kukiweka ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Kesho yake hukitoa tena. Hakuna mtu anayekivaa.

Majirani wamekwisha kusema yote ya kusema. Siku moja, kwenye foleni ya maji, mama mmoja alisema kwamba kilio kimemharibu yule mjane kichwa.

"Hapana kichwa," akajibu mwenzake. "Ni sabuni inamuzidi. Anipatie basi mimi."

Walicheka. Mama Camille alikuwa nyuma yao na dumu lake, akacheka nao. "Leta nguo yako, nitaifua," akasema. "Lakini vile iko na matundu, sabuni itashika wapi?"

Nyumba yetu na yake zimetenganishwa na ua wa matete tu. Mengi ninayoyaandika hapa niliyaona, kwa sababu nilikwenda naye hadi ziwani. Yale ambayo sikuyaona nimeyapata kwake na kwa binti yake Abigaël.

Jina lake la ubatizo ni Léontine, lakini sijasikia mtu akimwita hivyo, isipokuwa padri siku ya mazishi ya mumewe. Ni Mama Camille, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alizaliwa katika vilima vya Djugu, katika familia ya wakulima wa mihogo na maharagwe, na huko huko akaolewa na Donatien, seremala. Kijiji chao kiliposhambuliwa, kila mtu alikimbia na njia iliyokuwa mbele yake. Donatien, mkewe na Abigaël walishika njia ya Bunia. Walilala kwanza katika hema za waliohama, baadaye wakapanga nyumba hapa jirani na sisi. Camille, ambaye alikuwa amemaliza sekondari mwaka ule, alikuwa ametumwa Tchomia, ziwani, kununua samaki. Njia ya kurudi ilikuwa imefungwa. Akapanda mtumbwi pamoja na watu wengine wengi, akavuka ziwa Albert kwenda Uganda. Aliishi kambini miaka mingi, na kutoka kambini akapelekwa Kanada.

Watu hudhani kwamba aliyefika Kanada amefunguliwa dunia nzima. Camille mwenyewe alidhani hivyo. Alipopewa hati yake ya kusafiria aliipiga picha, akamtumia dada yake, na Abigaël akaniletea simu nimsaidie na Kifaransa kile cha ofisini. Hati ilisema kwamba mwenye nayo anaweza kwenda nchi zote, isipokuwa nchi aliyoikimbia. Wale waliompokea walimpokea kwa sababu alisema kwao kuna hatari. Akirudi kwao, hata kwa kusalimia tu, wanaweza kusema kwamba hatari hiyo imekwisha, na kumnyang'anya ruhusa ya kukaa. Nilieleza hivyo kwa kadiri nilivyoelewa. Mama Camille alikuwa akipanga samaki katika kikapu.

"Kwa hiyo anaweza kwenda China?" aliuliza.

"Anaweza, mama."

"Na Uganda?"

"Na Uganda pia."

"Lakini hapa kwa mama yake, hapana."

"Hapana, mama."

Alipanga samaki wengine watatu au wanne. "Ule mutu aliandika vile," akasema, "hakika anakaa na mama yake mu nyumba moja."

Kisha Donatien akaugua tumbo, na ugonjwa haukumwacha. Abigaël alimuuguza baba yake tangu mwanzo hadi mwisho. Alimgeuza kitandani, alimlisha uji, na alipokata roho ni yeye aliyemwosha, kwa sababu wanaume wa ukoo walikuwa bado njiani. Siku ya mazishi, simu iliwekwa juu ya kiti cha mbao ambacho marehemu alikitengeneza mwenyewe, karibu na kaburi, ili Camille aone. Watu walipita mbele ya kiti kile mmoja mmoja kumpa pole, wakiinama kama mbele ya mtu. Mzee mmoja alisahau, akanyoosha mkono.

Katika ukoo wa Donatien, mjane huvaa kikwembe kimoja cheusi mpaka siku ya kuondoa kilio, mwaka ukitimia. Siku hiyo wanawake humzunguka, na mtoto wa kwanza humvua mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Humwosha kichwa, humvisha nguo nyingine, kisha huchukua kile cheusi na kukifukia pembeni ya kaburi la baba. Kabla ya hapo mjane haongozi wimbo kanisani, hashiki mbegu za mtu mwingine, wala hapandi mtumbwi.

Mlinzi wa desturi hiyo ni Ambroise, mdogo wake Donatien, mtu mwembamba anayepiga pasi suruali hata akienda kunywa chai kwa jirani. Mwaka ulipotimia alikuja, akaketi, akanyoosha mikunjo ya suruali magotini.

"Shemeji, mwaka imeisha. Camille atakuja lini?"

"Unajua hawezi kuja."

"Najua. Basi tutangoja."

"Tutangoja mupaka nini?"

"Mupaka atakuja."

Abigaël alikuwa akimimina chai. "Baba mudogo," akasema, "miye siko mutoto wa baba?"

"Weye ni mutoto wa pili."

"Wa pili si mutoto?"

"Mama, chai iko inapoa," Ambroise akamwambia Abigaël, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka wa pili ulianza. Kikwembe kilikuwa kimoja tu. Mama Camille alikifua usiku na kukivaa asubuhi kikiwa bado na unyevu, na katika baridi ya asubuhi ya Bunia niliwahi kumwona akisimama karibu na moto, mvuke ukimtoka mwilini. Rangi ilipungua hadi ikawa kama ya jivu. Yeye ambaye sauti yake nzito ilikuwa ikianzisha nyimbo za misa alikaa benchi la nyuma na kufunga mdomo. Kule Kasenyi, bandarini, alikokuwa akinunua samaki kwa wavuvi wenyewe, hakuweza tena kukaribia mitumbwi. Alibaki mbali kwenye mchanga, akingoja mwanamke mwingine amnunulie, na kuchukua waliobaki baada ya wazuri kwisha.

Hakulalamika. Nilimsikia mara moja tu, jioni moja, akimwambia Abigaël kwamba anatamani kuvaa kitu chekundu.

Kisha Camille akapiga simu. Alikuwa amepata likizo, na tiketi ya kufika Entebbe.

"Mama, Kongo sitafika," alisema. "Nitafika Sebagoro, ngambo ya ziwa. Weye vuka. Nitakuvua kule. Nimekwisha kununua kikwembe ya kukuvalisha."

Ambroise aliposikia aliomba muda wa kufikiri. Alirudi na jibu. "Mukono ni mukono, hata kama iko Uganda. Akuvue kule. Lakini ile nyeusi irudi huku, imungoje. Hawezi kuifukia ku inchi ya batu."

Kwa barabara, kuzunguka ziwa kupitia Mahagi, hakuna aliyethubutu kumshauri. Njia hiyo inapita Djugu, kule kule alikofukuzwa. Ilibaki ziwa. Na hapo ndipo palipokuwa na fundo. Ili avuliwe, ilibidi avuke. Ili avuke, ilibidi awe amekwisha kuvuliwa. Assani, nahodha wa mtumbwi wa injini unaokwenda Sebagoro, alimfahamu kwa miaka mingi, na sheria ya Assani ilijulikana na wote: mwenye kilio hapandi.

Mama Camille alikuja kwetu akaazima kwa mama yangu kikwembe cha maua, cha njano na bluu. Angekivaa juu ya kile cheusi.

"Mama, utamudanganya Assani?" Abigaël akamuuliza.

"Sitamudanganya. Nitafunika."

"Tofauti iko wapi?"

"Akiniuliza nitasema. Asiponiuliza, ni Mungu tu atajua."

Waliniomba niende nao kwa sababu ya Kiingereza. Ng'ambo ile kuna ofisa wa uhamiaji, na wao wawili hawakujua neno. Tulipanda gari la asubuhi, tukapita Bogoro, na pale barabara inapoanza kuteremka mlima, joto la ziwa likaanza kupanda kutufikia dirishani. Mama Camille alishika mapaja yake kwa mikono miwili njia nzima, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa.

Kasenyi, mitumbwi haifiki mchangani. Abiria huingia majini hadi magotini, wanaume wakikunja suruali na wanawake wakipandisha vikwembe. Assani alikuwa amesimama nyuma karibu na injini, mtu mpana mwenye fulana nyekundu, akigawa majaketi ya kuokolea. Alimwona Mama Camille akija na maua yake, akamtikisia kichwa, akamwonyesha mahali pa kukaa. Hakuuliza kitu.

Mama Camille alifika kwenye maji. Kikwembe cha maua kilikuwa cha kuazima, na mtu harudishi nguo ya watu ikiwa imelowa maji ya ziwa na magamba ya samaki. Bila kufikiri akainama, akakishika, akakipandisha juu hadi kiunoni kisilowe. Chini yake kile cheusi kikabaki wazi, mbele ya bandari yote.

Wauza samaki waliokaa mchangani ndio walioona kwanza.

"Ee, mama ya maua," mmoja akaita, mwanamke mnene mwenye kisu cha kuparia mkononi, "huko chini imekuwa usiku?"

"Assani," akaita mwingine, "angalia abiria yako. Anakuletea matanga mu mutumbwi."

Assani alitazama. Mama Camille alisimama ndani ya maji, kikwembe cha maua bado kikiwa juu mikononi mwake.

"Mama Camille," Assani akasema taratibu. "Kilio iko bado?"

Angeweza kusema kwamba kimekwisha. Angeweza kusema kwamba ni sketi tu. Abigaël alikuwa amemshika mkono kwa nguvu.

"Iko bado," akasema.

Mtumbwini watu walianza kusogea. Mzee mmoja alichukua mfuko wake akashuka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akafuata, akiomba samahani bila kujua anamwomba nani.

"Mimi peke yangu ningekupeleka," Assani akasema. "Ningeomba Mungu mupaka kule. Lakini ona bale batu, mama. Niwafanye nini?"

"Hapana kitu," akajibu. "Wapeleke."

Akageuka, akatoka majini. Abiria walirudi kukaa, injini ikawaka, na mtumbwi ukaenda bila sisi.

Tuliketi kwenye ubao wa mtumbwi mbovu uliopinduliwa. Jua lilikuwa kali. Wale wauza samaki hawakucheka tena. Walipara samaki wao wakituangalia kwa pembeni. Muda mrefu ulipita kabla simu haijalia. Kwa kuwa sikio moja la Mama Camille halisikii vizuri, Abigaël alifungua sauti.

"Mama, mutumbwi imefika," Camille akasema. "Siwaone."

"Wamenikataa."

Alimweleza, pamoja na kikwembe cha mama yangu. Upande ule palikuwa na kelele za ndege na za watu wanaopakua mizigo.

"Basi miye navuka," Camille akasema.

"Unasema nini?"

"Assani anarudi leo. Nitapanda naye. Nitakuvua, nitafika ku kaburi ya baba, nitarudi na ya kesho. Hakuna mutu atapiga muhuri, Mama. Batu wanavuka kila siku. Nani atajua?"

Aliyoyasema yalikuwa kweli. Siku ile ile tuliona watu wakishuka na kuku na magodoro, na hakuna aliyewauliza jina. Ziwa lilikuwa tulivu. Mtoto ambaye hakumgusa tangu siku alipomtuma Tchomia alikuwa umbali wa saa chache, na ilimlazimu kusema neno moja tu, njoo, au hata kunyamaza tu.

"Muke yako anaitwa nani?" akauliza.

"Mama, unamujua. Micheline."

"Na mutoto?"

"Mama."

"Jina yake."

"Donatien."

"Donatien iko wapi sasa?"

"Kanada."

"Wakijua ulifika huku, wakakunyanganya makaratasi, Donatien atakaa na nani?"



"Hapa batu wote iko na simu," mama yake akaendelea. "Moja atakuona, atafurahi, atakupiga picha, ataituma. Hata hatakuwa na ubaya. Usipande."

"Mama, niko naona milima yetu. Niko naiona na macho."

"Usipande, Camille. Serikali ya kule imekukataza mara ya kwanza. Miye mama yako nakukataza mara ya pili."

Nilikuwa nimekaa karibu naye na sikujua nitazame wapi. Simuni tulisikia mtu mzima akilia akijaribu kufunga mdomo. Mama Camille alimngoja. Hakumwambia anyamaze.

Baadaye Camille akasema, "Basi Abigaël akuvue. Natoa mukono yangu, namupa."

"Sitaki mukono yako," Abigaël akasema.

Alisema bila kupandisha sauti. Mama yake akamgeukia.

"Mukono yangu iko," Abigaël akaendelea. "Ndiyo ilimuosha baba. Weye ulikuwa ku kiti, mu simu, batu wanakuinamia. Miye nilikuwa mu jikoni napikia batu ya kilio. Hata mama anaitwa jina yako. Usinipe kitu ya kwangu."

"Yaya yako hana kosa," mama yake akasema, akimtetea yule kaka mkubwa.

"Najua hana kosa. Miye pia sina."

Mama Camille alimtazama binti yake. Kisha akauliza, kama mtu ambaye hakuwepo, "Nani alimuosha Donatien?"

"Ni miye, Mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Sasa tulikuwa tunangoja nini Uganda?" Akasimama. "Toa."

Yule mwanamke mnene aliyemtania ndiye aliyekuja kwanza. Aliweka kisu chini, akafungua kikwembe chake cha juu, akaita wenzake. "Leteni bikwembe. Mama wa batu hawezi kuvuliwa wazi mbele ya bavuvi."

Walikuja, mikono ikinuka samaki, wakasimama kwa duara na kutandaza nguo zao kama ukuta. Nilipewa simu niishike, nikaielekeza ziwani, ili Camille aone maji tu na asikie. Ndani ya duara Abigaël alimvua mama yake kile cheusi. Mwanamke mmoja alisuuza beseni lake la samaki, akachota maji ya ziwa, na Abigaël akamwosha mama yake kichwa, polepole, hadi nyuma ya masikio. Hakuna aliyeimba. Kwa nguo ya kubadilisha palikuwa na kile cha maua tu.

"Hii si ya kwangu," Mama Camille akasema.

"Leo ni ya kwako," akajibu yule mnene. "Mwenyewe atakula samaki, atanyamaza."

Wavuvi wote walikuwa wamegeuka upande wa mlima. Duara lilipofunguka, Mama Camille alitoka na maji yakimchuruzika shingoni, ndani ya njano na bluu. Nilikuwa nimezoea kumwona wa rangi ya jivu, na kwa muda kidogo sikumtambua. Camille aliuliza simuni, "Imeisha?" Abigaël akachukua simu mkononi mwangu. "Imeisha, yaya," akamwambia. "Ulale vizuri. Kesho tutakuona."

Assani aliporudi jioni walikuwa wamekwisha kumsimulia. Alikuja hadi pale tulipoketi, akavua kofia.

"Kesho asubuhi, Mama Abigaël," akasema. "Ziwa ilale kwanza."

Sijui kama alikosea jina au alilichagua.

Tulivuka. Camille alikuwa ameingia majini na viatu vyake, hadi magotini, na mtumbwi ulikuwa bado mbali. Amekuwa mnene, ana ndevu, anafanana na ile picha ya baba yake iliyo ukutani. Alimbeba mama yake kutoka mtumbwini hadi mchangani, akamweka chini. Akafungua mfuko, akatoa kikwembe alichokinunua. Kilikuwa chekundu. Akamfunga juu ya kile cha maua, vibaya, fundo upande usiofaa, na Abigaël akamrekebishia.

Walikaa pamoja siku zote za likizo yake katika nyumba ya kupanga juu ya kilima. Asubuhi, ukungu ukiwa haujapanda, Camille alikuwa akishuka peke yake ufukweni kutazama ng'ambo. Milima ya Kongo ilionekana, bluu, ndefu, kama ukuta. Siku moja nilimkuta na mama yake pale.

"Bunia iko wapi?" alikuwa akimwuliza, ingawa alijua.

"Nyuma ya ile. Unapanda, unapita Bogoro, unafika."

"Na kaburi?"

"Ukifika, nitakuonyesha."

Siku ya mwisho Camille alimwomba mama yake kikwembe cheusi, ambacho alikuwa amevuka nacho ndani ya mfuko. Alitaka kukipeleka Kanada, akifukie karibu na nyumba yake, chini ya theluji ikibidi, ili kazi yake ya mtoto wa kwanza iwe imekwisha. Alikishika muda mrefu. Mama yake akanyoosha mkono.

"Baba yako haiko mu theluji," akasema, na Camille akamrudishia.

Tuliporudi Bunia, Ambroise alikuja siku iliyofuata. Suruali ilikuwa imepigwa pasi. Alikwisha kusikia yote, maana habari hupanda ule mlima haraka kuliko gari. Chai ililetwa, hakuigusa.

"Shemeji, mutoto wa pili amekuvua ku bandari, mbele ya bauza samaki."

"Ni kweli."

"Na kikwembe iko mu nyumba. Haijafukiwa. Kwa hiyo kilio haijaisha."

"Haijaisha," Mama Camille akakubali. "Lakini miye nimeisha kuvaa."

Abigaël alisimama mlangoni na birika, akingoja aone kama ataambiwa tena kwamba chai inapoa. Mwishowe Ambroise aliinua kikombe. "Hii ya kwangu imepoa, mama," akamwambia Abigaël. "Niongezee ya moto." Alikunywa, akaenda. Tangu siku ile huja kama zamani, lakini kila akija hutupa jicho chini ya kitanda, kwenye sanduku la bati.

Mama Camille amerudi kuongoza nyimbo. Kasenyi anachagua samaki mwenyewe, na yule mwanamke mnene humwekea wazuri na kumtukana kidogo kabla ya kumpa. Kikwembe cha mama yangu alikirudisha kimefuliwa na kupigwa pasi. Mama hakumwambia kwamba kina harufu ya ziwa hata leo. Camille ameomba uraia wa kule. Akiupata, atapewa pasipoti nyingine, isiyo na ile "isipokuwa". Amejaza karatasi zote, na kila akipiga simu anasema wamemwambia angoje.

Kwa muda wote huo nilikuwa na swali moja tu, na nilikuwa nimelibeba tangu tuliporudi kutoka Sebagoro. Juzi asubuhi nilikuwa nikifagia upande wetu, naye alikuwa upande wake, mikono ndani ya povu. Kikwembe sasa ni chembamba. Ukikiinua unaona mwanga. Nilisogea kwenye ua wa matete.

"Mama," nikamwuliza, "kile kikwembe hakuna anayekivaa. Kwa nini unakifua kila siku?"

Alikikamua, akakikung'uta, akatafuta mahali penye kivuli.

"Bunia iko na vumbi, na Camille hajaifukia bado," akasema. "Akikuja, nitamupa ikiwa chafu?"